Wenye diski nyingi kwenye kompyuta moja ya mezani, mmezipangaje? Tupeane uzoefu

Mleta mada
Wakuu, salaam. Keisi yangu ina diski tatu za inchi 3.5, SSD moja (diski isiyo na sahani ya kuzunguka) na draivu mbili za DVD. Juzi nilitaka kufomati (kufuta na kuandaa upya) diski ya terabaiti 2 niliyoitoa kwenye mashine ya zamani. Kwenye skrini ya kuinstoli Windows naona Diski 0, 1, 2, 3, na mbili zina ukubwa uleule. Nikajisemea, ya zamani nimeichomeka tundu la mwisho, basi ndiyo yenye namba ya mwisho. Nikafomati. Kumbe niliyoifuta ni ile nyingine, yenye picha za mwanangu tangu azaliwe. Leteni visa vyenu, msione haya, mimi nimeshayamaliza yangu.

#2
Pole sana mkuu. Kwanza usiiandikie kitu hiyo diski. Fomati ya haraka hufuta orodha tu, mafaili yenyewe huwa bado yamo mpaka uandike juu yake. Tafuta programu ya kurudisha mafaili, na yanayopatikana yahifadhi kwenye diski nyingine.

Pili, namba za skrini usizifuate. Mimi naandika tarakimu nne za mwisho za siriali namba kwenye plasta, nabandika kwenye diski na kwenye waya wake upande wa mazabodi, ile bodi kuu ya kompyuta. Siku ya kuinstoli nachomoa zote, nabakiza moja. Nilijifunza kwa kuumia: Windows ilikaa kwenye SSD kama nilivyotaka, lakini patisheni ndogo ya kubutia (kipande cha diski kinachoiwasha Windows) ikajipeleka kwenye diski kuukuu. Baadaye nikaitoa nimpe mdogo wangu, kompyuta ikagoma kubuti. Nyumba ninayo, mlango nimeugawa!

#3
Vijana mnadeka, waya mmoja kifaa kimoja. Enzi za IDE, aina ya zamani ya kuunganisha diski, utepe mmoja wa waya ulibeba vifaa viwili, na nyuma ya kila kimoja kuna kijampa kama punje ya mchele: huyu masta, huyu sleivu. Wote wakiwa masta, BIOS (programu inayoamsha kompyuta kabla ya Windows) inachanganyikiwa. Kijampa kikidondoka kwenye zulia, jioni yako imeisha.

Nilifunga draivu ya kusoma CD na ya kuchoma kwenye utepe mmoja. Nikikopi CD moja kwa moja, zinapokezana njia, bafa ya kuchoma (akiba ya data inayosubiri kuandikwa) inakauka, sahani inakwenda na maji. Sahani tano nimetupa nikilaumu sahani! Nilipohamishia ya kusoma kwenye utepe wa pili, shida ikaisha. Na utepe wenyewe mwisho wake sentimita 46, kwa hiyo draivu ya juu kabisa unaifikia kwa kuvutana.

#4
Nilichomeka SSD ya M.2, ile bapa inayokaa moja kwa moja kwenye mazabodi, draivu ya DVD ikapotea. Nikabadilisha waya. Nikanunua draivu nyingine. Kumbe kwenye mazabodi yangu tundu lile linagawana njia na matundu mawili ya SATA (ya waya za data za diski na DVD), likijazwa hayo mawili yanazimika. Imeandikwa kwenye kijitabu, ambacho kilikuwa bado kwenye nailoni yake.

#5
Kwenye herufi ambazo Windows huzipa draivu (C, D na kuendelea), DVD ipeni ya mbali, mimi naipa R. Ikikaa D, siku unaongeza diski herufi zinaweza kuparaganyika na njia za mkato zikafa.

#6
Mnasahau joto na umeme. Diski zangu nne zilibanana kama abiria, ya katikati ikafika nyuzi 54. Niliporuka nafasi mojamoja na kuweka feni mbele, ikashuka hadi 40.

Umeme ndio ulionitisha. Diski ya inchi 3.5 inapoanza kuzunguka inaweza kuvuta karibu ampea 2 kwenye waya wa njano, ule wa volti 12. Mimi nililisha mbili kwa kigeuzi rahisi cha Moleksi (plagi ya umeme ya zamani) kwenda SATA, kile ambacho kichwa chake kimemiminiwa plastiki. Usiku mmoja nikanusa kitu kinaungua. Nilipofungua keisi, kichwa kimekuwa cheusi na kimeng'ang'ania diski. Sasa natumia waya za pawa saplai yenyewe tu.

Mleta mada
Asanteni wakuu. Picha nyingi zimerudi, ila majina ya mafaili yamekwenda, nazifungua mojamoja. Plasta nimebandika. Katika kufuata waya nimegundua draivu ya pili ya DVD ina waya wa umeme tu. Wa data haujawahi kuchomekwa, miaka yote hii.