Waosha magari wa Arusha mnatuharibia rangi halafu mnasingizia ndege!!

Wakuu habari zenu. Leo nina hasira na sitaificha. Hivi nani aliwaambia waosha magari wa huu mji kwamba mavi ya ndege yaliyokauka yanatolewa kwa stilwaya? Naomba mwenye karwashi yeyote, awe wa Sakina, Kijenge au Njiro, aje anijibu hapa, maana najua hili halijanipata mimi tu.

Gari ni Harrier nyeusi, rangi bado ile ile ya Japani, haijawahi kuguswa na fundi. Ofisi yetu imehamia maeneo ya Uzunguni na mlinzi wa pale magari ya wafanyakazi anayapanga chini ya ile miti mikubwa ya ukutani, nafasi za wazi zimewekewa koni eti za wageni, ukiuliza unaambiwa ndio maelekezo. Miti yenyewe jioni inajaa yangeyange wanakuja kulala, usiku popo nao wanakula matunda yao humo humo. Nikapewa safari ya Dodoma ya ghafla na gari la ofisi, langu likabaki hapo hapo, kurudi nakuta boneti na rufu zimepigwa nyeupe na jua la hizi siku mnalijua lilivyo.

Nikaipeleka kuoshwa. Na kabla sijakaa nilimwambia yule chalii kwa mdomo wangu, kaka angu usisugue, mwagia maji kwanza, tandika kitambaa kibichi juu yake, acha ilowe, ikilainika ndio unanyanyua. Akasema usijali sista hiyo kazi ndogo. Nimekaa kwenye benchi napokea simu nasikia krrr krrr krrr, kugeuka namuona na stilwaya, hii hii ya kusugulia masufuria, kaichovya kwenye sabuni ya unga anazungusha kwa nguvu zote juu ya boneti ambayo hata haijalowa vizuri!! Nilipiga kelele mpaka bodaboda wa barabarani wakageuka. Boneti sasa ina mduara wa makwaruzo upana wa sahani ya wali na mwingine mdogo karibu na taa, ukisimama upande wa jua linapopiga unaona mistari myeupe imekatizana hovyo.

Nikamwita mwenye karwashi. Anakuja anatafuna muwa, anaangalia kwa mbali, anasema mama hao ni ndege wameunguza rangi, sisi tumesafisha tu. Nikamuuliza ndege gani ana makucha ya kuchora duara? Akasema basi rangi imezeeka. Yani!

Sasa nisikilizeni, maana hapa ndipo wanapotuzidi wengi, wanajua hatujui. Ndege hakojoi maji kama sisi, uchafu wake wote unatokea njia moja, ile nyeupe ni asidi ya yuriki na lile jeusi la katikati ndio mavi yenyewe. Humo ndani kuna mbegu, maganda ya wadudu, na wale wanaokula nafaka wanameza na vijiwe vya kusagia chakula. Asidi ya yuriki haiyeyuki kirahisi kwenye maji, ndio maana kumwagia ndoo moja na kupitisha tambara hakusaidii, inabidi ilowe muda ilainike. Ukiisugua kavu unaburuza hivyo vijiwe na mbegu juu ya rangi, hapo hata kama umeshika pamba bado utachora. Ukiongeza stilwaya sijui niseme nini.

Na ndege anaharibu kweli, sikatai, ila anaharibu kwa namna yake. Rangi ya gari juu kabisa ina klia, tabaka jembamba lisilo na rangi, hiyo ndio inayong'aa. Mchana jua likipiga, bodi nyeusi inapita nyuzi 60 bila shida, klia inalainika na kutanuka, mavi nayo yanakauka na kuwa magumu hapo hapo juu yake. Usiku Arusha baridi, tuko kama mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, klia inasinyaa na kushika umbo la ule uchafu mgumu uliokaa juu. Ikirudia hivyo siku kadhaa, ukija kuitoa unakuta alama imefifia, ina mikunjo mikunjo, taa ikiakisi hapo inapinda. Hiyo ndio alama ya ndege. Haina mistari. Haina duara.

Ushahidi ninao kwenye gari hilo hilo. Yule chalii ni mfupi, rufu hakuifikia. Nilimnyang'anya kazi nikaenda kuimalizia mwenyewe nyumbani jioni bodi imepoa. Tishu za chooni nimezilowesha maji ya uvuguvugu zikawa chapachapa, nimezibandika juu ya kila doa, nimeziacha kama dakika kumi, zikianza kukauka naongeza maji, halafu nanyanyua kwa kuikusanya na vidole kuelekea katikati ya doa, sivuti pembeni. Doa kubwa nimelirudia. Kisha maji mengi, shampuu ya gari, kitambaa laini cha maikrofaiba. Yametoka yote! Kwenye rufu kumebaki vivuli viwili vilivyofifia, mpaka uinamishe kichwa ndio unaviona, hakuna mkwaruzo hata mmoja. Gari moja, ndege wale wale, jua lile lile. Rufu nzima, boneti imechanika. Sasa nani kaharibu?

Halafu hilo la kukwangua kavu sio la rangi tu. Lile vumbi la mavi makavu, hasa ya njiwa, linaweza kubeba fangasi wanaoshambulia mapafu na wengine mpaka kwenye ubongo, kinga ya mtu ikiwa chini ni hatari kabisa. Vijana wale wanakwangua uso uko hapo hapo juu, hawana hata barakoa, na bosi wao amekaa kivulini. Hilo nalo limeniuma.

Nikasema nisiishie hapo, niende kwa fundi rangi. Huko nako. Hajagusa gari, hajainama, kasimama mita mbili kasema hapa ni kupiga boneti nzima na fenda zote mbili ili rangi iendane, laki sita, na mwambie mzee wa nyumbani aje tuongee. Mzee gani? Gari nimenunua mimi! Nimepitisha kucha juu ya yale makwaruzo mbele yake, mengi kucha haikwami, maana yake hayajatoboa klia, yanatoka kwa mashine ya polishi na kompaundi, ile dawa nzito ya kusugulia rangi, yale machache yanayokwama unapitisha kwanza msasa wa maji namba 2000 au 3000 taratibu halafu ndio polishi. Kupaka upya ni pale klia imepasuka au unaona mpaka rangi ya chini. Ila fundi naye awe anajua anachofanya, klia ya kiwandani ni nyembamba, mara nyingi mikroni 40 mpaka 50 (mikroni elfu moja ndio milimita moja), kila ukipolishi unaila kidogo, sio kitu cha kufanya kila mwezi. Na rangi ya kupuliza upya inachukua wiki kadhaa kukomaa, mpaka hapo ni laini na hata waksi hutakiwi kuwahi kuweka, sasa nirudi na boneti mbichi chini ya miti ile ile?

Kuna na hawa washauri wa ofisini. Mmoja ananiambia paka ndimu, mwingine siki. Jamani tayari kuna asidi pale, unaongeza nyingine ya nini? Na huo mchezo wa kufuta bodi kwa mafuta ya taa au dizeli ili ing'ae mbele ya mteja uachwe, inang'aa masaa mawili tu halafu vumbi letu lote la Ngaramtoni linakuja kuganda hapo, na waksi kama ilikuwepo imeondoka. Sabuni ya unga na ya vyombo nazo zinaondoa waksi, ukioshea kila wiki gari linabaki uchi.

Mimi sasa hivi chupa ya maji na tishu zinakaa mlangoni, nikiliona doa linatoka siku hiyo hiyo kabla jua halijalipika. Waksi nitakuwa nairudia kila baada ya miezi miwili mitatu, inampa mtu muda tu, haizuii. Hata hizo seramiki, dawa za kupaka juu ya rangi kuikinga, wanazouzia watu kwa mamilioni, mavi yakikaa juani siku kadhaa yanakula vilevile, msidanganywe. Kava nalo ukilivisha juu ya gari lenye vumbi, upepo ukilitikisa linafanya kazi ya msasa, kwa hiyo livishwe kwenye gari safi tu. Na mkiona milango imechafuka chini ya saitimira wakati hamjapaki chini ya mti, ni vile vindege vyeusi na vyeupe vya kutikisa mkia, vinajiona kwenye kioo vinadhani ni mwenzao kaingia eneo lao, vinapigana na kujisaidia hapo kutwa nzima. Kunja vioo au vivishe mfuko, vinaondoka.

Kuhusu ofisi nimeshaandika barua kwa utawala, zile koni ziondolewe au tupokezane zamu za kivuli na jua, haiwezekani watu walewale kila siku.

Kesho asubuhi narudi pale karwashi na picha za boneti na za rufu. Sitaki anipakie rangi, nataka alipie polishi ya mashine ya boneti, basi. Akikataa naenda kwa mwenyekiti wa mtaa, na yule bodaboda aliyeona ile stilwaya amekubali kuja kusema. Mwenye kujua fundi wa polishi Arusha au hata Moshi, ila awe na kipimo cha unene wa rangi na awe anakitumia kabla hajawasha mashine, aniwekee hapa eneo alipo.