Madai 19 kwenye daftari moja: tuchague vipi matatu?

mshika_daftari (Katuba)
Salamu, wakubwa na wadogo. Mimi ndiye ninayeandika daftari la kundi letu la raia hapa Katuba, mojawapo ya komine (manispaa) za mji wa Lubumbashi, Kongo. Tulianza vijana wa chuo peke yetu. Baadaye wakaja mama wauza unga, wachimbaji wa mikono, na wazee walioachishwa kazi za migodi ambao mpaka leo wanasubiri malipo yao. Jumapili tuliketi kuandaa barua. Nilipofunga daftari, madai yalikuwa 19! Unga ushuke bei, kuran (umeme) isikatwe usiku, wachimbaji wapewe eneo, mitaro izibuliwe, na kadhalika.

Barua inabeba matatu tu, basi tukapiga kura kwa kunyoosha mikono. Vijana tukashinda kwa wingi wetu tu, na mama watatu wakakunja vitenge vyao wakaondoka. Mmoja aliniambia mlangoni: "Mwanangu, siku ya kuandamana utatafuta nani awaletee mayi (maji)?" Sijalala vizuri tangu siku ile. Nani amewahi kupatanisha watu wa namna hii?

muzee_wa_kamalondo
Mwanangu, anza kuuliza kila dai liko mkononi mwa nani. Mahindi mengi ya unga wetu yanatoka Zambia kupitia Kasumbalesa. Mkuu wa komine hawezi kushusha bei hata akipenda. Eneo la kuchimba kwa mikono linatangazwa na waziri wa migodi, Kinshasa. Lakini mitaro, takataka, ushuru wa meza sokoni, hayo wenye kuamua tunaishi nao mji mmoja. Yatenge hayo kwanza, daftari litapungua lenyewe.

yaya_fidel
Kwa heshima yako, papa, sikubali. Tukidai mitaro tu tutapewa majembe tuzibue wenyewe, na kundi litageuka salongo, ile kazi ya lazima ya kusafisha mtaa. Tazameni sheria ya migodi ya 2018: mrabaha, yaani malipo ambayo kampuni za migodi zinailipa serikali kwa madini, unagawanywa: 50% serikali kuu, 25% jimbo, 15% mji, komine au sekta yenye mgodi, 10% mfuko wa vizazi vijavyo. Dai liwe moja: hesabu za ile 25% ya jimbo letu, Haut-Katanga, zibandikwe ukutani. Mama, mchimbaji, mzee, hakuna asiyehusika.

muzee_wa_kamalondo
Hapo umesema. Ila asije mtu akawaahidi watu wa Katuba ile 15%. Mgodi hauko kwenu.

mama_sahani (komine ya Kenya, Lubumbashi)
Ninyi mnabishana juu ya madai, kosa lilikuwa mikono. Nani atanyoosha mkono kumpinga mkwe wake? Katika likelemba yetu (kikundi cha kuchangishana pesa kwa zamu) tunatumia maharagwe. Kila dai sahani yake, nyuma ya pazia. Kila mtu anapewa maharagwe matatu, na moja LAZIMA alitie kwenye sahani ya wenzake, siyo yake. Hapo ndipo mtu anaanza kuuliza, "hawa wachimbaji wanataka nini hasa?" Halafu Jumapili asubuhi tuko kanisani. Mlipanga saa hiyo mkitegemea nani aje?

mshika_daftari (Katuba)
Asante mama, umenishika. Tulifanya Jumamosi saa kumi na moja jioni, soko likiwa limetulia. Madai yanayoamuliwa Kinshasa tuliyaweka kando, yawe na barua yake peke yake, isipokuwa wazee na wachimbaji walikataa yao yaondolewe, nami sikuwa na nguvu ya kubishana.

Sahani ya yaya Fidel ilikuwa tupu kabisa mwanzoni. Nilikuwa nimeandika "uwazi wa mapato ya mrabaha". Nikachana karatasi, nikaandika "makuta (pesa) ya mashimo ya migodi yanaenda wapi?" Ikajaa mpaka maharagwe yakamwagika! Ya pili ni ushuru wa meza. Ya tatu bado: wazee 11, wachimbaji 11, na hakuna anayetaka kura irudiwe.

Mama wawili wamerudi. Yule wa mayi bado, kesho ninampitia mezani kwake.