Shimanzi naiona nikiwa juu ya paa, lakini simu yangu lazima ipitie Nairobi!

Wanajukwaa, nimevumilia miezi minne. Kama kuna fundi wa swichibodi humu, ile mashine ya kugawa simu za ofisi, aje haraka kabla sijaing'oa hii mashine ukutani nikaitupe Likoni.

Sisi tunaondoa mizigo bandarini, ofisi iko Moi Avenue hapa Mombasa, wakubwa wako Nairobi. Ofisi mbili zikaunganishwa kwa faiba, tukaambiwa ukipiga namba ya 020, yaani ya Nairobi, simu itapita ndani kwa ndani mpaka Nairobi, itokee kule kama simu ya mtaani. Hapo sina neno. Lakini waliofunga mitambo wakaona uvivu kupanga njia mbili. Ukibonyeza 9 kupata laini ya nje, iwe 020 iwe 041 ya hapa Mombasa, yote inatokea Nairobi! Godauni letu liko Shimanzi, mabati yake nayaona. Kumuuliza karani wa pale kama lori limefika, sauti yangu iende karibu kilomita 480, irudi zingine kama hizo. Inafika kama ya mtu aliye ndani ya mtungi. Na laini za nje huko Nairobi ni nane tu. Wenyewe wakizijaza, sisi huku ni tu-tu-tu mchana kutwa.

Wateja wakiona 020 wanadhani ni wadai wa mikopo, hawashiki. Anayerudisha simu anaangukia mapokezi ya Nairobi, anaambiwa huyo hatumjui. Namba za simu za mkononi za 01 ndiyo kabisa. Zimeanza kutolewa 2019, lakini mashine imefundishwa 07 peke yake. Inakukata hata hujamaliza tarakimu.

Lililonichemsha ni la wiki jana. Usiku, askari wetu wa hapa ofisini kasikia kufuli la nyuma linavunjwa, kanyanyua simu ya ofisi, kapiga polisi 999. Aliyepokea yuko Nairobi! Anamuuliza, "Moi Avenue ya Mombasa ni karibu na stegi gani?" Mpaka waelewane, betri mbili za lori zishaenda.

Jumatatu wachimba barabara wakakata faiba. Ofisi nzima kimya. Nikachomoa waya wa laini yetu ya 041 nyuma ya mashine, nikauchomeka kwenye simu kuukuu ya mezani iliyokuwa stoo, vumbi tele. Mlio ukaja, safi! Yaani laini iko hai, tunailipia kila mwezi, imewekwa pambo.

Nikampigia fundi. "Mzee wangu, mfumo uko sawa, shida ni ya faiba." Nikamwambia 041 na 999 zitokee hapa hapa, 020 ipite Nairobi, na faiba ikifa simu zihamie laini ya hapa zenyewe. Kanijibu hiyo ni kazi mpya, atatuma bei. Kazi mpya! Kwani ile ya kwanza alifanya nini?

Aliyewahi kupambana na watu wa namna hii aniambie alianzia wapi. Simu ya vumbi iko mezani kwangu saa hizi, na wenzangu watatu wamepanga foleni.