Naomba ushauri: pini ya lulu ya marehemu bibi ilitengenezwa wapi?

Binti wa Isevya:
Habari zenu wanajukwaa. Nipo Tabora mjini. Marehemu bibi mzaa mama ametuachia pini ya kifuani ya dhahabu yenye umbo la mwezi mchanga, iliyopangwa lulu ndogo ndogo, zile kubwa zikiwa katikati na nyingine zikipungua kuelekea kwenye ncha. Mama mkubwa anashikilia kwamba ni ya Mjerumani aliyekuja na reli, ambayo ilifika hapa mwaka 1912. Mjomba naye anasema umbo hilo la mwezi ni ushahidi tosha kwamba ililetwa na Waarabu wa Unyanyembe kutoka Unguja. Nyuma nimeona alama ya nanga, namba 15 na .625, na herufi moja iliyofifia. Lulu moja imetoka, na sonara mmoja amependekeza aisafishe pini kwa tindikali kisha aweke lulu mpya. Je, nimkubalie?

Sonara Mstaafu:
Dada yangu, tafadhali usimkubalie. Lulu ni kalsiamu kabonati, hivyo hata siki au maji ya ndimu huila, na ikishapoteza mng'ao wake hakuna fundi awezaye kuurudisha. Usiiloweke hata majini, kwa maana lulu za pini za namna hiyo mara nyingi zilikatwa nusu na huenda zimeshikizwa kwa gundi. Ifute tu kwa kitambaa laini kikavu.

Kuhusu asili yake, nanga ni mhuri wa ofisi ya kupimia dhahabu ya Birmingham, Uingereza. Namba 15 na .625 maana yake ni dhahabu ya karati 15, kiwango kilichoruhusiwa na sheria ya Uingereza mwaka 1854 na kufutwa mwaka 1932. Kama ingekuwa kazi ya Ujerumani ya baada ya mwaka 1888, ningetarajia taji na jua, pamoja na namba kama 585. Hebu tueleze, kishikizo cha nyuma kikoje?

Mzee wa Ujiji:
Mwanangu, umbo la mwezi lilipendwa sana na wanawake wa Uingereza mwishoni mwa karne ya 19, kwa hiyo peke yake halithibitishi Uarabu. Hata hivyo mjomba wako asipuuzwe, kwani lulu nyingi za enzi hizo zilivuliwa Ghuba ya Uajemi, hasa Bahrain, zikapitia Bombay kabla ya kufika kwa masonara wa Ulaya. Tena mhuri unaeleza pini ilikopimwa, hauelezi ilivyofika Tabora. Mjerumani angeweza kununua kitu cha Kiingereza. Wabelgiji waliingia mjini Septemba 1916, kisha wakaja Waingereza. Hilo waulizeni wazee wa ukoo wangali hai: bibi aliipata kwa nani?

Binti wa Isevya:
Asanteni sana, wazee wangu. Kishikizo ni kulabu iliyo wazi, haina kifungo chochote, na ncha ya sindano inapita ukingo wa pini.

Sonara Mstaafu:
Basi yaelekea ni ya kabla ya mwanzoni mwa karne ya 20, na hapo lulu zake zitakuwa za asili, kwa sababu za kufugwa, ambazo Mikimoto wa Japani alianza kufanikiwa kuzipata mwaka 1893, zilienea sokoni miaka ya 1920. Pengo liache wazi kwanza. Ipige picha ile herufi kwa karibu, ukiinamisha pini ili mwanga uje kwa ubavu, na fremu yake ionekane yote: herufi hutaja mwaka wa kupimwa, lakini hurudiwa kila mzunguko, na aina ya maandishi pamoja na umbo la fremu ndivyo vinavyotenganisha mzunguko mmoja na mwingine.