Super Black Market Clash: ni mabaki ya studio au ni majaribio ya kweli?

Mpenda_Santuri:
Ndugu wanajukwaa, nimekuwa nikiusikiliza kwa makini mkusanyiko huu wa mwaka 1993, wenye nyimbo 21 za The Clash, bendi ya panki (roki ya kasi na ukali) ya Uingereza, ambazo nyingi zilitoka kwanza kwenye upande wa pili wa santuri ndogo na hazikuingia katika albamu zao kuu. Unaanza na 1977, panki ya kasi na hasira, na unaishia kwenye Mustapha Dance, ambayo ni muziki wa disko usio na uimbaji mwingi. Je, tuyahesabu haya kuwa mabaki, au ndimo bendi hii ilimofanyia majaribio ambayo haikuthubutu kuyaweka kwingine?

Besi_Nzito:
Ndugu yangu, uthubutu haukuwapungukia hata kidogo, kwa maana albamu yao Sandinista! ya Desemba 1980 ilijaza santuri tatu kwa nyimbo 36 zenye rege, dabu (rege iliyofumuliwa studioni), rapu na hata muziki wa kanisani. Upande wa pili uliwapa nafasi ya namna nyingine: kuuchukua wimbo mmoja na kuufumua. Katika dabu, fundi huondoa sehemu kubwa ya uimbaji, akaacha besi na ngoma zitangulie, kisha akarusha vipande vya gitaa na sauti ndani ya mwangwi. Robber Dub ilizaliwa hivyo kutokana na Bankrobber, wimbo waliourekodi Manchester mwaka 1980 chini ya mtayarishaji Mikey Dread wa Jamaika, na Justice Tonight/Kick It Over ilitokana na Armagideon Time ya mwimbaji wa rege Willie Williams, waliyoiweka upande wa pili wa santuri ndogo ya London Calling mwaka 1979. Ninachosikitikia ni kwamba waandaaji wa mwaka 1993 waliziacha nje Bankrobber na Armagideon Time zenye uimbaji, ingawa zote mbili zilikuwamo kwenye mkusanyiko uliotangulia, Black Market Clash ya mwaka 1980. Msikilizaji mpya anapewa dabu bila wimbo wenyewe, kwa hiyo hawezi kutambua kilichoondolewa, na utamu wa dabu umo humo hasa.

Dada_wa_Rege:
Nakubaliana na Besi_Nzito, na ningeongeza habari ya New York. The Magnificent Dance ya mwaka 1981 ni The Magnificent Seven iliyofumuliwa kwa ajili ya kucheza, na kituo cha redio cha WBLS, kilichosikilizwa sana na Wamarekani weusi, kilipiga wimbo huo katika matoleo yaliyofumuliwa. Mwaka huohuo bendi ilimwalika DJ wa hip-hop Grandmaster Flash afungue maonyesho yao pale ukumbi wa Bond's, Times Square, na mashabiki waliokuja kusikia panki wakamzomea. Bendi ilikuwa imekwisha kuvuka mpaka ambao wapenzi wake wengi walikuwa bado wanaulinda, na nusu ya pili ya mkusanyiko huu ndiyo ushahidi wake.

Mzee_Gitaa:
Wanangu, tusiupambe wote kwa rangi moja. Groovy Times na Gates of the West ni nyimbo nzuri za gitaa zisizo na jaribio kubwa, na 1-2 Crush on You ni wimbo mwepesi wa mapenzi ambao ningeuruka bila majuto. Ndugu Mpenda_Santuri, itafute kwanza Black Market Clash ya mwaka 1980, usikilize Bankrobber mpaka dabu yake ianze, kisha ndipo uurudie huu.