Kuongeza matumizi ya kipimo kipindi hiki cha mpito cha IVDR (sheria mpya ya Ulaya ya vipimo vya maabara), inaruhusiwa?

Mtanga wa Galway: Wakuu, habari. Niko kitengo cha ubora kwenye kiwanda kidogo hapa Ireland. Tunatengeneza kipimo cha maabara cha CA 125 (protini ya kwenye damu), cha kufuatilia wagonjwa wa saratani ya ovari walio kwenye matibabu. Enzi za sheria ya zamani, 98/79/EC, tulijitangazia wenyewe kwamba kinafaa, tukabandika alama ya CE ya kuuzia Ulaya, basi. IVDR imekiweka daraja C, ambalo kujitangazia wenyewe hakutoshi, lazima cheti cha taasisi ya ukaguzi. Sasa watu wa mauzo wanataka karatasi ya maelekezo iseme kinafaa pia kubaini ugonjwa kwa mara ya kwanza. Eti ni sentensi moja tu, na muda wa mpito tunao hadi 31 Desemba 2028. Kweli?

Mama Vitendanishi: Mdogo wangu, sentensi hiyo msiiguse! Muda wa nyongeza ni wa kipimo kilekile mlichokitolea tamko kabla ya 26 Mei 2022. Kuongeza matumizi ni badiliko kubwa, na mkishalifanya hamuuzi hata boksi moja Ulaya bila cheti cha IVDR. Tena mtadaiwa ushahidi wa kitabibu: CA 125 hupanda hata kwa endometriosisi na ujauzito, na mkaguzi ataanzia hapohapo. Mimi niko kwa watengenezaji Ujerumani. Watu wa mauzo Kifungu cha 110 cha IVDR, chenye masharti ya mpito, hawakisomi, wanaona 2028 tu. Mfumo wa ubora wa IVDR ulitakiwa uwepo tangu 26 Mei 2025. Maombi kwa taasisi ya ukaguzi (TÜV SÜD, BSI, DEKRA, yeyote atakayewapokea) mwisho 26 Mei 2026, mkataba uwe umesainiwa 26 Septemba 2026. Mkikosa kimoja, hiyo 2028 si yenu.

Mtanga wa Galway: Shikamoo dada. Mfumo upo, maombi bado. Bosi kasikia gharama, anasema bora tukiache kabisa.

Mama Vitendanishi: Marahaba. Kukiacha nako kuna utaratibu. Tangu 10 Januari 2025, kama kukatika kwake kunaweza kuwadhuru vibaya wagonjwa, mnatoa taarifa miezi 6 kabla, kwa mamlaka na kwa mnaowauzia.

Kijana wa Ghala: Na msambazaji msimfiche. Sisi mtengenezaji alituambia amekifuta kipimo wakati maabara zimeshaagiza. Simu tulipokea sisi.

Mama Vitendanishi: Mtanga, peleka maombi kwa matumizi ya zamani kwanza. Hayo mapya mtayajengea faili lake.