Nikijua kesho mvua, niwaambie wenzangu au ninyamaze?

MamaChanja_Kama: Asalaam alaykum. Mie nachemsha na kuanika dagaa hapa Kama, Unguja. Kila jioni mwanangu hunisomea utabiri wa TMA, Mamlaka ya Hali ya Hewa, kwenye simu. Masika haya ikitajwa mvua, sinunui hata ndoo moja. Wenzangu wananunua, wanachemsha, wanaanika. Ikishuka mvua saa nne asubuhi dagaa wanavimba, vichwa vinakatika, wanaishia kuuzwa chakula cha kuku. Nikiwaambia, ndoo pwani inakosa mnunuzi na wavuvi wananinunia. Nikinyamaza roho inanisuta, maana kuni na chumvi wenyewe wamekopa. Nyinyi mngefanyaje?

NahodhaMstaafu: Waambie, tena jioni, boti hazijatoka. Hao wanaonuna hawajapiga hesabu. Kama kesho hakuna mwanikaji, mie afadhali nijue kabla sijatia mafuta kuliko kurudi alfajiri na ndoo za kubembelezea watu. Mei 2024 kimbunga Hidaya kilipotangazwa, tulivuta vyombo juu na boti za abiria zikasimama. Sikusikia mtu akidai fidia ya dagaa.
Ila utabiri husema "ukanda wa pwani pamoja na visiwa vya Unguja na Pemba". Hapo Kama haijatajwa! Muwe na mtu Fumba, kusini yenu, na mwengine Bumbwini, kaskazini. Mvua ikianza kwao wapige simu, nyinyi mkunje majamvi.

Dalali_wa_Tunduma: Mama, mimi nawanunulia Wakongo. Gunia linatoka Dar, linapita Tunduma, linakatiza Zambia mpaka Kasumbalesa, mpakani mwa Kongo, limefungwa muda wote huo. Dagaa wakiwa na unyevu, ukungu. Mteja akifungua Lubumbashi akauona, hatafuti nani aliyeanika. Anasema mzigo wa Kama mbovu, na wewe uliyekausha vizuri bei yako inashuka pamoja nao. Kwa hiyo ukinyamaza, unajikata mwenyewe.

MamaChanja_Kama: Nahodha, ahsante, la Fumba nalichukua leo leo, nina wifi yangu kule. Dalali, hilo la Lubumbashi nilikuwa silijui. Lakini kila mwaka mnatuambia "kausheni vizuri", na bei mnatoa ile ile. Dagaa mkavu mtamwongezea bei kweli?

Dalali_wa_Tunduma: Haki yako kuuliza. Mimi napima kwa kumvunja: akikatika "ka!" naongeza, akipinda siongezi. Kusanyeni dagaa wa chanja zote za kuanikia, siyo zako peke yako, nije Jumamosi niwavunje mbele yenu.